Data, Kilabu Hakikufungwa

Data,

Tumevuna mara moja tangu tukuzike, baba yetu. Mahindi ya bondeni yalikubali, ya mlimani yameliwa na nyani kama kawaida yao, na Mama hataki mtu yeyote akalie kiti chako. Mimi Anitha wako ni yule yule, naongea kwanza, nafikiri baadaye. Safari hii kuongea kwangu kumenivua cheo kanisani. Usishtuke. Nataka uyapate kwangu mwenyewe kabla hujayasikia kwa hao wengine mliotangulia nao, maana najua huko nako hakukosi wambea.

Mwezi uliopita Mchungaji na wazee wa kanisa walipeleka hoja kwenye serikali ya kijiji. Walitaka itungwe sheria ndogo: kilabu cha Mama Spesioza kifungwe, pombe isipikwe tena popote kijijini, meza ya puli pale senta iondolewe, na muziki usipigwe siku za gulio. Wazee wa msikitini wakaunga mkono. Ungecheka, Data. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya kufyeka barabara, pombe ya komoni imewapatanisha.

Sikatai, walikuwa na sababu. Unamkumbuka jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, yule aliyeuza tumbaku, akanywea fedha yote akarudi na kofia tu? Mwaka huu amerudia, na mkewe amekula mihogo na wanae bila chumvi. Siku ya mkutano wa kijiji wa kuipigia kura hoja hiyo, yule mama alikaa mbele kabisa.

Mchungaji aliniomba nizungumze wa kwanza, kwa kuwa ndimi niliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa. Lakini sababu yenyewe kila mtu aliijua. Ni Zabroni. Kitinda mimba wako, fundi wako wa matofali, tangu uondoke amekunywa kama mtu anayetafuta kitu chini ya kopo. Mara mbili nimemwokota njiani asubuhi, mimi na baiskeli yangu, natoka kuchota maji. Kwa hiyo walitaka nisimame, nilie, niseme pombe inanimalizia mdogo wangu. Watu wangenyoosha mikono, sala ya kufunga, basi.

Na mimi nilikubali. Niliandika hata maneno kwenye karatasi ya daftari la mwanangu.

Asubuhi ya mkutano Mama akanituma kitenge kwenye sanduku lako. Chini kabisa, chini ya cheti cha uraia ulichokifunga kwenye nailoni mbili, nikakuta kibali. Karatasi ya zamani, imechakaa kwenye mikunjo, muhuri umefifia. Inasema wewe, mkimbizi, unaruhusiwa kutoka makazini siku tatu kwenda Mpanda, kumpeleka mtoto hospitali. Mtoto huyo ni mimi. Nilikaa sakafuni nikalia, Data, nikakumbuka uliyoyasema siku ile vijana wa kwaya walipokuletea karatasi ya kukifunga kilabu kile kile, ukiwa mzee wa kanisa, ukakataa kuweka saini.

Walikushangaa. Wewe uliyeokoka kutoka kwenye mtungi! Wewe ambaye Mama alikuwa anakuvua viatu ukiwa huwezi kusema jina lako! Ukawajibu, "Mimi nimeishi ndani ya makazi miaka mingi, sikuvuka geti bila karatasi. Kuna mtu aliyewahi kunisifu kwa utulivu wangu?" Ukaongeza, ukitabasamu kwa upande kama ulivyozoea, "Mkikifunga, mimi nitamshinda nani?"

Kila jioni ukitoka kanisani ulipita pale pale mlangoni kwa Mama Spesioza, wakati njia ya mkato kupitia kwenye mihogo ipo. Ulivua kofia, ukawapa salamu ya jioni ya kwetu. "Mwiriwe!" Walevi wote waliitikia, wengine wakasimama. Niliona aibu nilipokuwa msichana, nikadhani unatamani. Sasa najua ulikuwa unawaonyesha kwamba mlango uko wazi pande zote mbili.

Basi nikaenda mkutanoni, uwanja wa shule, na kibali chako mkononi, karatasi yangu nimeiacha nyumbani. Niliposimama, Mchungaji alinipa ishara ya kunitia moyo. Maskini, hakujua. Nikawasomea kibali. Wazee waliokuja nawe kutoka ng'ambo ya ziwa walijua karatasi hiyo bila kuiona, nikawaona wanainamisha vichwa. Nikasema, nyie wote mnajua ladha ya kukatazwa. Aliyefungiwa hajashinda kitu, amefungiwa tu. Nikasema, Data yangu hakuacha pombe kwa sababu ilikosekana. Aliiacha ikiwa mbele ya pua yake, na ndiyo maana mlilia siku ya kumzika. Na Jumapili mnasimama kutoa ushuhuda kwamba Bwana amewatoa kwenye ulevi. Kesho tukifunga kwa sheria, mtasimama kumshukuru nani, Mtendaji wa Kijiji?

Walicheka. Hata Mwenyekiti alicheka. Nilijisikia mrefu, Data, nilijisikia mwana wako kutoka kisigino mpaka utosini.

Mwenyekiti akaomba mikono. Wanaotaka kilabu kifungwe? Ikanyanyuka: ya Mchungaji, ya wazee, ya akina mama wa kanisa, ya yule mke wa jirani wa mihogo bila chumvi. Halafu nyuma kabisa, karibu na nguzo ya goli, mkono mmoja mrefu wenye udongo mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

Zabroni.

Mlevi pekee aliyenyoosha mkono. Watu waligeuka kumtazama, wengine wakaguna, na yeye hakuushusha. Aliushikilia juu kwa mkono wa pili.

Hoja ilianguka. Waliokataa walikuwa wengi zaidi, wengine kwa ajili yako na wengine, sijidanganyi, kwa ajili ya kiu yao. Ikakubaliwa tu kwamba kilabu kifunguliwe kuanzia saa kumi jioni, na mtoto asitumwe pombe. Mama Spesioza mwenyewe alisema hilo alishalitaka zamani. Vijana wakaja kunipongeza. Mimi nilikuwa namtafuta mdogo wangu.

Nilimkuta nyuma ya darasa. Aliniambia neno moja tu, bila hasira. "Dada, umeongea vizuri. Lakini mimi si Data."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama yote, nikitegemea atanitetea. Mama alikuwa anapepeta. Aliendelea kupepeta, kisha akasema jambo ambalo hamkuwahi kutuambia, nyie wawili. Kwamba mwaka wako wa kwanza wa wokovu hukupita mlango ule peke yako hata siku moja. Kwamba yeye ndiye aliyekuja kukungoja kanisani, mimba ya Zabroni tumboni, mkapita pamoja kwenye mihogo, na siku ulizoshindwa alikaa nje ya kilabu kwenye jiwe mpaka ulipotoka, mkarudi bila kugombana. Kofia na "Mwiriwe" vilikuja baadaye sana.

Kwa nini hukusema, Data? Nimekukasirikia kidogo, nimeshakusamehe. Nadhani uliona aibu. Mimi nilipofahamu hivyo nilijivuna mara mbili, kwa ajili yako na kwa ajili yake yule aliyekaa kwenye jiwe.

Jumapili iliyofuata wazee walinipumzisha uongozi. Nakaa benchi la nyuma sasa, pamoja na wenye watoto wachanga. Mchungaji hunisalimia vizuri, naye hana ubaya. Anaogopa kupoteza watu, kama mimi. Nikiulizwa tena kesho, nitasema yale yale, maana bado naamini hakuna kijiji kilichoingizwa mbinguni kwa kura. Ila nisingekaa chini haraka vile. Ningeongeza lile nililokuwa sijalijua, kwamba anayekataa kufunga mlango ana deni la kumsindikiza aliye dhaifu kuupita.

Kwa hiyo nasindikiza. Saa kumi nafunga jembe kwenye baiskeli naenda kwenye tanuri lake la matofali. Hatuongei sana. Tunapita kwenye mihogo, yeye mbele, na akisimama nasimama. Mama Spesioza alituona juzi akamwita akampa mahindi ya kuchoma, bure, akamwambia asionekane kwake mpaka aichoke pombe. Huyo ndiye waliyetaka kumfungia kilabu.

Watu wananisifu kwa ile hotuba. Wanakosea. Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema habari za mtu shujaa aliyekwisha kufa. Zabroni alisimama mbele ya watu wale wale akakiri udhaifu wake kwa mkono wake mwenyewe, peke yake, akijua watamcheka. Ungekuwepo uuone ule mkono, Data. Ulikuwa mkono wako.

Pumzika sasa. Kiti chako tutakitunza, na Mama hali vizuri lakini anakula. Nakuahidi hivi: Zabroni akianguka sitakimbilia serikali ya kijiji wala sitamficha kwa aibu. Nitakaa nje nimngoje, tutarudi bila kugombana.

Leo ni siku yake ya kumi na moja bila pombe. Kanisani hawajui bado, nimekwambia wewe kwanza.

Wako,
Anitha