Lango la Maji pale Kirumba

Baba,

Shikamoo. Niko nyumbani Mkolani, nimekaa kwenye kiti chako, nakuandikia kabla ya kwenda kazini.

Kiwanda kimeuzwa. Kibao cha shirika kimeng'olewa, na wenzako wengi wamepunguzwa. Mimi uliyenifundisha ufundi nimebakizwa chumba cha pampu, pale pale ufukweni Kirumba ulipofia. Mama hakutaka. "Ziwa limeshakula mmoja wetu," alisema. Nikamjibu kwamba si ziwa lililokuua. Ni mnyororo uliokatika walipolivuta kwa nguvu lango linalozuia maji ya ziwa yasiingie kwenye kisima cha pampu. Ulikuwa umewaambia wajaze kisima maji kwanza. Hawakusubiri.

Wiki iliyopita, Baba, jambo lile lile lilirudi.

Tulikuwa tumemaliza kutengeneza pampu. Kisima kikavu, ziwa limeliegemea lango kwa upande wa pili, halitikisiki. Tajiri mpya alitaka mitambo iwake haraka. Msimamizi wetu, Lameck, akaagiza trekta. Mnyororo ukafungwa, na wafanyakazi wawili wakasimama pale uliposimama wewe.

Nikaukumbuka mlango wa nyumba hii, nilipokuwa mdogo. "Sukuma hapa karibu na bawaba," uliniambia. Nikasukuma mpaka jasho. "Haya, sasa sukuma huku mwisho." Mlango ukaenda kwa kidole kimoja. Ndipo ukanieleza: "Bawaba za lango la ziwa ziko juu. Maji kadiri yanavyokwenda chini ndivyo yanavyosukuma zaidi, na huko chini ndiko mbali na bawaba. Kwa hiyo nguvu yake ya kulizungusha lifunge ni kubwa mno. Usishindane nayo, Kabula. Weka maji na upande wa pili, yasukumane yenyewe."

Nikaenda nikakaa juu ya mnyororo.

"Kabula, toka hapo!" Lameck akasema. "Unataka tufukuzwe wote?"

"Nifukuzeni. Hapa hakivutwi kitu mpaka tujaze kisima."

Lameck alikuwepo siku yako, Baba. Yeye ndiye aliyekufunika kwa koti lake. Alinitazama, akatazama wale wawili, kisha akamwambia dereva, "Zima."

Tukafungua bomba dogo la pembeni. Maji yakaanza kuingia, taratibu mno. Tajiri akaja, akafoka, akaondoka. Sikubanduka. Maji ya kisimani yalipolingana na ya ziwani, nikashika mpini wa winchi mwenyewe, nikazungusha. Lango likafunguka bila hata kulia.

Mimi ndiye niliyelia, mbele za watu wote. Sikuona haya.

Jana tajiri aliniita ofisini. Nikajua basi, kazi imekwisha. Kumbe Lameck alikuwa ameshazungumza naye: nimekabidhiwa chumba cha pampu, kufungua na kufunga ni kwa neno langu. Nilimwambia Mama jana jioni. Na asubuhi hii namsikia jikoni ananifungashia viazi vya kwenda navyo kazini. Tangu uondoke hajawahi kufanya hivyo.

Nimekubali, Baba. Na nakuahidi hili: maadamu mimi niko pale, hakuna mke wa mtu atakayeitwa getini kupewa habari ya kifo kama Mama alivyoitwa.

Wewe pumzika. Zamu hii ni yangu.

Mwanao,
Kabula