Msiba wa Kiroboto

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Natumai u mzima, na baridi haijakugandisha kwenye hizo lifti unazozitengeneza. Sisi huku hatujambo. Mimi miguu inaniuma kwa kusimama saluni kutwa kusuka vichwa vya watu, na Mama ni vilevile: anakula akilishwa, anakaa akikalishwa, neno hatoi. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu unajua simu inavyomfanya. Mara ya mwisho alipoisikia sauti yako mle ndani aliitupa uvunguni mwa kitanda, akakaa anaiogopa.

Ila leo nina habari, tena kaa chini kwanza.

Mafundi wa umeme wamekuja kuukata ule mti wa uani, eti unagusa nyaya. Tawi kubwa likaanguka na kiota cha kindi ndani yake. Kindi mama kafa palepale. Kimebaki kitoto kimoja, macho hayajafunguka, manyoya ya kubahatisha, urefu wake kidole changu cha kati. Nikakizungushia taulo la saluni, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na dawa ya nywele, nikampakatisha Mama kidogo tu nikanawe.

Kurudi, nasikia mtu anaimba. Loo! Mama! Amekitia kifuani, anakibembeleza, anakiambia, "Kiroboto. Kiroboto wangu, umetoka wapi na baridi hii?"

Kiroboto ni wewe. Yeye ndiye aliyekupa jina hilo kwa vile hukutulia mgongoni, na sijamsikia mtu akilitaja tangu ulipoota ndevu ukatukataza. Mwaka mzima huu Mama hajaniita hata mimi, ninayemuogesha. Nilisimama mlangoni nikalia na povu mikononi.

Sasa niambie wewe mwenye kukutana na watu wengi: kindi mchanga anakula nini? Nisije nikamuua.

Dadako

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ujumbe wako umenikuta nimechuchumaa juu ya lifti, kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Mwenzangu alidhani nimepigwa na umeme.

Ameniita! Hata kama ni kwa mnyama, ameniita. Nikwambie ukweli: likizo yangu ni mwezi wa sita, nami nilikuwa naiogopa. Nilijua nitafika Mama ataniangalia kama anavyouangalia ukuta. Sasa nina haja moja tu duniani. Nifike, aniangalie mimi mwenyewe, aniite hivyo. Mara moja inatosha, sitaomba tena.

Kwa hiyo huyo kindi asife. Kwenye jengo moja tunalolihudumia kuna daktari wa wanyama. Nimempandia mbio na mafuta yangu mikononi. Anasema kwanza apate joto, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Asipewe maziwa ya ng'ombe, yatamharisha. Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, umpe kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, tone kwa tone. Na hili amelirudia mara mbili: alishwe akiwa amelala kifudifudi. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndiyo basi tena.

Msalimie Mama. Na msalimie na huyo wajina wangu.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na jina lako linakua! Ana manyoya mgongoni sasa, na mkia umeanza kujifikiria kuwa mkia.

Hayo maziwa yako yamenitoa jasho. Nimeingia duka la dawa za mifugo nikaomba maziwa ya watoto wa mbwa. Muuzaji, ninayemsuka binti yake, akaniuliza mbwa wangu kazaa lini. Nikamwambia si mbwa, ni mdogo wangu. Akanitazama kwa huruma, akanipunguzia bei.

Mama amekuwa mtu mwingine. Asubuhi ameomba chanuo mwenyewe. Jirani muuza mkaa kachungulia, Mama kamwambia, "Punguza sauti, mwanangu kalala." Jirani akanigeukia, nami nikamkonyeza.

Lakini kuna jambo linanitia wasiwasi. Mama hataki nimlishe mimi. Ananinyang'anya lile bomba, halafu anamlaza chali mkononi, kichwa kwenye kiwiko, kama alivyokuwa akikushika wewe. Kila akimlaza mimi namgeuza. Jana nikamfokea, "Si hivyo, Mama!" Akaliweka bomba chini, akageukia ukutani, na hakusema neno mpaka leo mchana. Niliogopa nimempoteza tena.

Nifanyeje?

Dadako

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku salama, ila leo lifti imekwama na bibi harusi ndani yake. Tumemtoa kwa dari, nguo yote masizi. Aliyonitukana siyaandiki.

Kuhusu Mama, nakuomba usimnyang'anye. Kama akilisha anasema, basi mwache alishe. Wewe kaa karibu tu, umgeuze yule mdogo taratibu bila kelele. Daktari naye ana mambo mengi, watu kama hao hukuogofya ili uwaogope. Mama kalea watoto kabla huyo daktari hajazaliwa.

Na nirekodie sauti yake akimwita. Sipati usingizi kwa hamu.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe uko juu ya lifti huko unasema "kaa karibu", kama vile mimi sina saluni, sina wateja, na sina choo cha kwenda. Haya, sawa, nimekusikia. Nimekutumia sauti. Hapo katikati ananiambia nimletee Kiroboto soksi.

Macho yake yamefunguka leo. Meusi, makubwa. Mama ameyaangalia, akasema, "Ya baba yake hasa." Marehemu Baba angesikia!

Sisemi uongo, nami nimeanza kumpenda.

Dadako

14 Machi

Nimeisikiliza kazini, nimeisikiliza njiani, nimeisikiliza nikipika. Asante, dada yangu. Asante.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi tupo.

Kiroboto amekufa. Nimejaribu kuianza barua hii kwa kuzunguka nikashindwa.

Jumamosi nilikuwa na maharusi, bibi harusi na wapambe wake, saluni imejaa hadi mlangoni. Mama alikuwa chumbani na bomba lake. Nilikwenda kumwangalia, nikamkuta anaimba, kila kitu shwari, nikarudi kumalizia kichwa. Nilipokwenda tena alikuwa amemlaza chali, naye anatoa mapovu ya maziwa puani. Mama anamfuta kwa mtandio na kumwambia, "Kunywa, baba, kunywa ukue." Nikamgeuza, nikampigapiga mgongoni, nikafanya yote. Akapumua, lakini kifua kikaanza kukoroma kama mtu mzima mwenye pumu. Nilijua. Ulikwishaniambia.

Amekwenda jana asubuhi, kifuani mwa Mama, mkia wake umezunguka kidole chake.

Nilidhani Mama hataelewa. Ameelewa vizuri kuliko mimi. Amepiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata alipokufa Baba. "Kiroboto wangu! Mwanangu amekufa!" Mtaa mzima wakasikia, nao wanajua Kiroboto ni nani. Kabla sijavaa viatu watu wameshafika na viti vyao. Muuza mkaa kafunga duka. Muuzaji wa dawa za mifugo kanishika mkono, kaniuliza maiti inaletwa lini. Nikawa nasimama mlangoni nawanong'oneza mmoja mmoja: ni kindi, jamani, ni kindi, mdogo wangu mzima. Wengine wakaondoka wanacheka. Wengine walimwona Mama alivyokaa sakafuni, wakaingia wakakaa naye. Sitawasahau hao.

Tumemzika uani, pale kwenye kisiki. Mama amemvisha soksi moja ndiyo sanda yake, amerusha udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Mdogo wangu, sijui nikwambieje. Yeye hakuzika kindi.

Dadako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Umenyamaza. Nimepiga hupokei. Kama unajilaumu, acha, na kama unanilaumu, niambie wazi nijue. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyekuwepo nimemaliza kulia, sasa nasafisha.

Mama ameanza kula. Cha ajabu ni kwamba anazungumza. Anazungumza siku nzima, na kila mgeni akiingia anamsimulia habari za mwanawe marehemu. Nilimwonyesha picha yako uliyotuma ukiwa na kofia ya kazi. Akaishika kwa mikono miwili, akaibusu, akasema, "Mungu amrehemu."

Niandikie hata mstari mmoja.

Dadako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi ndiye niliyesema asinyang'anywe. Wewe huna kosa hata la punje.

Nakuja vilevile. Akiniona uso kwa uso atajua. Picha ni karatasi tu, na sauti ya simu ni dude la kutisha, lakini mtu akisimama mbele ya mama yake? Atajua.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Siku zako zinakaribia na chumba chako nimekipaka rangi. Sasa nisikilize, maana sitaki uanguke na mizigo mkononi.

Leo nimejaribu kumwandaa. Nilimsubiri amemaliza kula, moyo wake mweupe, nikamwambia polepole, "Mama, Kiroboto hakufa. Yuko safarini, anarudi mwezi ujao." Amenipiga kofi. Mama, ambaye hajawahi kunipiga tangu nimekuwa mtu mzima! Akaniambia, "Nimemzika kwa mkono wangu. Usinichezee na maiti ya mwanangu." Kisha akatetemeka jioni nzima, nikalala naye kitanda kimoja.

Sikukatazi kuja. Hapa ni kwenu. Nakuomba jambo moja tu: usimlazimishe. Mtu hafiwi mara mbili na mtoto yuleyule.

Dadako

29 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeketi kwenye ukumbi wa kusubiria ndege, nayo imechelewa. Basi nikujibu lile ulilokuwa ukiniuliza likizo nzima nami nakwepa: siku ya kwanza, uliponiacha na Mama ukaenda kufungua saluni, tulizungumza nini.

Nilipiga hodi kwenye mlango wa chumba chake. Kwenye ndege nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema, "Mama, ni mimi, nimerudi," mpaka jirani yangu wa kiti akaomba kuhamishwa. Mama akaniangalia kuanzia viatu hadi utosini. Nikafungua mdomo, naye akanitangulia.

"Umekuja msibani?"

Nikamtazama. Nikakumbuka kofi lako. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Nimekuja kukupa pole."

"Karibu, baba. Kaa. Wenzako walikuja mapema."

Nikakaa kwenye kigoda, nikampa mama yangu pole ya kifo changu. Sikujua mikono niiweke wapi. Akaniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikamwambia tulikua pamoja. Uso ukamfunguka! Akanivuta karibu, akaanza kunisimulia, na Dada, anakumbuka kila kitu. Nilivyoifungua redio ya Baba nikashindwa kuirudisha, nikaficha misumari yake kwenye sukari. Nilivyokuwa silali mpaka nimshike sikio. Homa ile ya utotoni, alivyonibeba mgongoni njia nzima ya hospitali huku akiniimbia ili nisisinzie. Mengine nilikuwa sijui mwenyewe. Mimi niliyetaka aniite mara moja, amelitaja jina langu asubuhi nzima, Kiroboto hivi, Kiroboto vile, na kila akilitaja anatazama nje, pale uani.

Nikashindwa kujizuia, nikalia kama mtoto. Akanisogezea ncha ya mtandio wake nijifute.

"Usilie sana, mwana wa watu," akaniambia. "Mimi nimeshukuru. Wako wanawake mtaani humu wana watoto wakubwa, wazima wa afya, wamekwenda mbali huko, nao wanawangoja mpaka wanazeeka. Wangu mimi hakunitoka hata siku moja."

Nikamwambia, "Ni kweli, Mama."

Mdogo wako