Unga wa Kutia Motoni

Kinama, 3 Februari 2024

Eddy mwanangu,

Jambo sana. Habari ya Kigoma, na kile kifua chako? Mi niko muzima. Magoti ndiyo yananisumbua, na sasa wewe.

Kamioni yako ilifika. Dereva alimwaga maganda ya mpunga mbele ya mulango mpaka nikatokea dirishani kama mwizi, mi mama muzima. Upepo unayapeleka mu maharagwe. Danielle, jirani, aliniuliza kama siku hizi nanunua takataka. Nikamujibu ni mwanangu, alisoma.

Kuyachoma mu pipa nimeelewa. Kuyasaga, kuyafinyanga na kuyaanika yawe makaa, nimeelewa. Lakini kupika bugali ya muhogo, eti ishikanishe makaa? Unga, Eddy? Chakula cha watu?

Mama yako

Kigoma, 19 Februari

Mama mupenzi,

Salamu nyingi. Kifua kimepona, pole kwa magoti.

Weka unga, nakuomba. Hapa karakana tunafanya vile vile. Bila unga makaa yanavunjika. Hayat, yule mwenye restora kule mutaa wa Asiatique, amekubali kuyajaribu. Akiridhika atanunua kila wiki, na mi narudi nyumbani. Asiporidhika, patron wa hapa anataka nisaini kazi ya miaka miwili, na katikati ya mwezi wa tano lazima nimujibu. Unga nimekutumia. Usibishe, Mama.

Mwanao Eddy

Kinama, 30 Machi

Eddy,

Amani kwako. Unakula? Mi nalala vibaya.

Makaa yako yamerudi. Hayat aliyawasha, yakapasuka, moshi ukajaa mu restora, wateja wakatoka nje na sahani mukononi. Hakunitukana. Aliniambia taratibu tu, "Mama Eddy, labda siku ingine," na hiyo ndiyo iliniuma. Kazi hii yako imenichosha kabisa.

Mama yako

Kigoma, 8 Aprili

Mama,

Natumaini umeamka salama. Mi apana.

Unga ulienda wapi?

Mwanao

Kinama, 15 Aprili

Mwanangu,

Niulize afya kwanza, sikukulea hivyo. Magoti ni yale yale.

Bugali niliipika. Bado naigeuza, Danielle akaingia na watoto wake, akakaa. Huku mutu akikukuta kwenye sufuria anakula, ao Kigoma wamekusahaulisha? Ningemwambia nini, kwamba hii si yenu, ni ya kutia motoni? Wakala. Kesho yake wakarudi. Mwaka huu watu wanalala njaa, Eddy, na we unataka nitie chakula mu makaa. Nikaweka udongo. Sikukuambia kwa sababu ungepiga kelele.

Sasa piga.

Mama yako

Kinama, 27 Aprili

Eddy,

Uko kimya. Unaumwa, ao umenuna?

Usisaini. Danielle akisha kukamua muhogo wake, kuna maji meupe anamwaga. Niliyaacha mu beseni mpaka chini kukabaki kitu kizito. Nikakipika, kikanata kuliko gundi, nikachanganya na maganda yako. Yameshikana! Hayat amepikia maharagwe tangu asubuhi, moshi hakuna. Anataka kila wiki. Mikono yangu haitoshi.

Rudi, mutoto wangu. Nimeshafagia chumba chako.

Mama

Kigoma, 6 Mei

Mama yangu,

Nakusalimu. Niko muzima wa mwili.

Barua yako ilinifikia juzi. Nilikuwa nimeshasaini. Nilisoma ile ya udongo, nikakasirika, nikaenda ofisini siku ile ile, wala hawakuwa wamenisukuma. Nimemuomba patron anirudishie karatasi, amecheka tu. Ungeniambia ukweli mwezi wa tatu, Mama. Na mi ningengoja siku chache.

Fanya kazi na Danielle. Ni yenu.

Mwanao Eddy

Kinama, 20 Mei

Eddy,

Nimekusalimu. Vaa nguo nzito usiku, kifua kisirudi.

Sitaandika mengi, nina hasira, na sijui niimwage kwako ao kwangu. Danielle anasaga, mi nafinyanga, kamioni ingine ya maganda inakuja. Hayat amewaambia wenzake, sasa Asiatique wananiita kila siku.

Shida ni Hayat. Kila nikimupelekea makaa anauliza yule kijana anarudi lini, na mi namujibu, mwezi ujao. Juzi nimemujibu hivyo tena, nikaenda kulia nyuma ya restora.

Basi niandikie ni lini, nimwambie vizuri.

Mama yako