Sale Lililokubali Mbugani

Shemeji Anaeli,

Leo vumbi limeifunika Jeddah, na jua limekuwa kama sahani ya bati. Nimekaa dirishani huku Al-Mahjar. Nyumba za mbele zinafutika moja moja, na mahali pake naiona mbuga yetu kama siku ile tuliyoshuka kutoka mlimani: nyasi hadi kiunoni, hakuna paa, hakuna njia, wewe umesimama juu ya trela ukisema, "Shemeji, hapa mtu akipiga chafya hana wa kumwambia pole."

Sasa wapo. Pale tulipotandika turubai pana mashine ya kusaga, na nguzo za umeme zimefika shuleni. Kanisa la mabati limekuwa la matofali. Huwa nalijenga upya kichwani nikisubiri usingizi.

Unakumbuka gunia la miche ya masale? Sisi watu wa mlimani hatujui shamba lisilo na masale mpakani, basi ukashuka nayo, tukapanda mstari kati ya shamba lako na langu. Tulisahau kwamba kule yanaishi kwenye kivuli cha migomba. Jua liliyakausha kama tumbaku. Mzee Lemayani, aliyekuwa akilisha ng'ombe pale kabla yetu, akaja akaegemea fimbo yake. "Wachaga mna kazi. Mmeleta majani yafie ugenini." Ukamjibu, "Hata wewe tukikupandisha mlimani utakufa kwa baridi." Mlicheka mpaka ng'ombe wakageuka.

Lilibaki moja. Kila asubuhi ulilimwagia maji uliyonawia uso, na dada yako akawa anasema utalizoeza kunywa sabuni. Likakubali.

Kisha mvua zikakosa, mimi na dada yako tukahamia mjini. Nikatengeneza pampu za watu mpaka mkataba ukanifikisha Riyadh, na baadaye hapa. Shamba langu ukalilima pamoja na lako, bila kuacha mstari. Hatukuuhitaji. Tulijua sale liko wapi.

Vijana hawakujua. Tangu wakuzike, nami nikikusindikiza kwa simu iliyokatikakatika, Amini wangu amerudi kulima upande wetu. Yeye anasema mpaka uko upande huu wa sale, Elisante wako anasema upande ule. Wakaupanda wote ukanda uleule. Wakarushiana maneno mbele ya mashine, watu wakisikia. "Baba yako amekula shamba letu." "Baba yako alikimbia jua." Shemeji, hilo la pili lilinichekesha katikati ya uchungu. Angeliona jua la Riyadh.

Walitaka nirudi niwaonyeshe. Kafili, mwajiri wangu, akasema mafi, hakuna ruhusa, mpaka mkataba uishe, halas. Basi mpaka sikuutaja. Nilimwambia Amini akate kipande cha sale lile, alifunge jani lake fundo, alipeleke kwa Elisante, asiseme lolote kuhusu shamba. Kwetu sale la msamaha likifika mlangoni halirudishwi. Akanijibu, "Baba, hayo ni ya mlimani. Sisi ni watu wa huku."

Niliogopa, shemeji. Niliogopa kwamba tulishusha majembe na mabati, na desturi hii tu ndiyo iliyokauka.

Jana akapiga simu. Alikwenda. Elisante alilipokea kwa mikono miwili. Wakatoka pamoja wakalipanda kichwani pa kaburi lako. Ukanda ule wameuacha, nyasi zirudi. Mwana wa Lemayani ameshaulizia kama ndama wake wanaweza kupita.

Riyadh kiyoyozi changu kilikuwa hakitoi hata tone la maji. Hapa kinajaza ndoo, na kila asubuhi nasimama nayo mkononi nisijue nimwagie nini.

Mkataba ukiisha sitapita mjini. Nitakuja moja kwa moja mbugani, nitanawa uso pale ulipolala, na maji yatajua pa kwenda. Dada yako ameniagiza nisitumie sabuni.

Pumzika, shemeji. Sale lina watu.

Shemeji yako wa ng'ambo ya mstari