Nyumba Tupu ya Altea

Pauline shoga, nimejifungia chooni. Choo ni cha nyumba yetu mpya, ila taulo si letu.

Si unakumbuka tulivyobishana mwaka mzima tuhamie mji gani Hispania, mimi Nerja, Clive Altea? Altea ikashinda, nyumba nusu bei. Tangazo lilisema "nuda propiedad". Nikamuuliza Clive ndiyo nini. "Nuda ni tupu, mke wangu. Haina fanicha, tutaleta zetu."

TUPU!

Asubuhi mwanasheria katusomea mkataba mzima kwa Kihispania, Clive anaitikia tu "sí, sí". Tukasaini. Tumefungua mlango, tunamkuta mama anakaanga dagaa.

Ni Remedios, aliyetuuzia. Kumbe tupu maana yake umenunua kuta, yeye anaendelea kukaa mpaka afe. Mpaka AFE, Pauline! Kiingereza anacho, katueleza taratibu kama watoto.

Clive bila haya: "Samahani, una miaka mingapi?"

"Sabini na moja. Naogelea kila siku. Mama yangu alifika mia na mbili. Na wewe?"

"Sabini na sita."

Remedios akazima jiko, akamshika mkono. "Pole sana," akamwambia.