Mvua Iliyonyesha Sebuleni Bukoto

Mpendwa Dada Aber,

Kwa heshima na taadhima, nikiwa nimesimama wima kama marehemu baba mbele ya mkubwa wake wa polisi, nakutangazia wewe pamoja na wakazi wote wa Juba kwamba zile spika tano na besi moja ulizomkabidhi dereva wa lori zimefungwa rasmi sebuleni kwetu Bukoto. Hakuna aliyeumia isipokuwa fundi. Fundi ni mimi.

Cheka tu. Wewe ndiye uliyeshuhudia nilivyoitengeneza pasi ya mama mpaka ikawa inapiga shoti kila anayeisogelea. Kijitabu cha maelekezo kilisema kazi hii inawafaa hata wanaoanza. Nadhani walikusudia wanaoanza wakiwa bado vijana. Spika mbili za mbele nimeziweka kulia na kushoto kwa televisheni, zimegeuzwa kidogo kumtazama aliye kitini. Ile ya kati, ambayo maneno ya waigizaji hutokea humo, iko chini ya televisheni. Mbili nyingine ziko pembeni, nyuma kidogo ya kiti, juu ya usawa wa masikio. Besi nimeipa kona, ingurume huko peke yake.

Nilipojipenyeza nyuma ya kabati kuunganisha nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, tumbo likakataa kutoka. Mama akaja akanichungulia.

"Mwizi amekamatwa," akasema.

"Mama, vuta hiyo kabati kidogo."

"Ngoja polisi wakuje."

Akarudi zake kukaa. Nilicheka mpaka kabati likatikisika, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Huko nyuma ya kabati, dada, hapakuwa na tofauti kubwa na maisha yangu ya siku hizi. Tangu uende, mimi ni askari wa zamu ambaye mwenzake hajaja kumpokea. Naoga mlango ukiwa wazi. Sokoni naenda na mama, ameshika shati langu kwa nyuma. Akikuta geti wazi anaondoka kwenda nyumbani, yaani kule kambi ya polisi tulikokulia, na zile nyumba zilishabomolewa. Ukipiga simu nasema tuko salama, wewe unasema, "Nipe muda kidogo." Mimi nakupa. Sina kingine cha kukupa.

Basi, ukishafunga spika, unazilinganisha. Unapima kwa futi umbali wa kila spika mpaka kwenye kiti, unaiambia amplifaya, ile mashine inayoziendesha zote, maana sauti ya iliyo karibu huwahi kufika. Kisha amplifaya inatoa mlio, shhhhh, spika moja baada ya nyingine, inazunguka chumba kizima na kuanza upya mpaka uizime. Wewe kazi yako ni kukaa kwenye kile kiti na kusikiliza: inayozidi unaipunguza, iliyo hafifu unaiongeza. Shida ni kwamba kiti ni kimoja, na mama alikuwa amekikalia. Hahami. Ikabidi yeye awe masikio, mimi niwe rimoti.

"Mama, ipi ina nguvu?"

"Kule kwa dirisha mvua ni kubwa."

Nikapunguza ya dirishani. "Na sasa?"

"Huku nyuma inadondoka tu."

Nikaongeza ya nyuma. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Sasa inanyesha sawasawa."

Ndipo nikakumbuka mabati yetu ya kambini. Kila tundu lilikuwa na chombo chake: sufuria ya ugali mlangoni, beseni la bluu karibu na jiko, kikombe cha baba pale juu ya sanduku. Mimi na wewe tulipanda kitandani, mahali pekee pakavu, tukafumba macho na kubahatisha ni chombo gani kimelia. Ulishinda kila mara, na kila ukishinda unanipa kofi la kisogo. Mama alikaa katikati yetu ametulia tuli. Mvua ikinyesha hakuna anayetoka, na watu wake wote wako ndani.

Kwa hiyo akatulia vilevile sebuleni, mikono magotini. Hakuulizia mlango. Hakunishika shati. Sikumbuki mara ya mwisho alipokaa hivyo.

Hayo ndiyo niliyokueleza kwa simu: spika zimelingana, mama amefurahi, asante sana. Sasa nikueleze lililotokea.

Niliuacha ule mlio uendelee kuzunguka. Nikachukua ufunguo, nikafunga mlango kwa nje. Nilijiambia naenda dukani mara moja. Duka nikalipita. Nikapanda boda mpaka Kisenyi, nikaingia kwenye mkahawa wa yule Msomali tuliyekuwa tunakula kwake, nikaagiza chai ya viungo na kuzima simu. Hakuna aliyenishika shati. Nikaagiza nyingine. Mabasi ya mbali yanaondokea karibu na pale, dada, na niliyawaza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayewaza atakula nini jioni.

Niliporudi jua lilikuwa linawaka. Nikazungusha ufunguo, nikasukuma mlango, ukamgonga mama begani. Alikuwa amesimama nyuma yake. Spika bado zinalia shhhhh, na chini ya kila moja ameweka sufuria. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimevimba.

"Nani amefunga?"

"Mimi, mama."

"Wacha wazi. Aber iko nje, analowa."

"Aber yuko Juba, mama."

"Nimesikia anabisha. Nikamwambia ngoja, nakuja. Mlango inakataa."

Aliyekuwa akibisha ni yeye mwenyewe. Alikuwa anapiga mlango ili akufungulie, na kila akipiga anakusikia uko nje.

Nilimpaka mafuta viganjani, akalala. Angeweza kuanguka, angeweza kuwasha jiko, na mimi niko Kisenyi napuliza chai. Sikuandikii nikulaumu, mlango niliufunga mimi. Wala sitakudanganya kwamba nilirudi kwa sababu ya huruma. Nilirudi kwa sababu chai iliisha. Na leo, wakati anakula, niliushika ule ufunguo mfukoni nikautazama mlango.

Muda uliouomba umeisha, dada. Njoo kabla sijatoka tena.

Nakuaga kwa mapenzi,
Mdogo wako