Kiti Kikae Kitale, Mimi Nikae Sirisia

Doha,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwako Mama Nekesa, mke wangu,

Mulembe. Pokea salamu zangu hata kabla hujatafuta mahali pa kuketi uzisome. Nauliza hali yako wewe kwanza, kisha ya watoto, kisha ya mamangu na kifua chake ambacho baridi ya mlima haikipi nafasi. Mahindi yameshika? Nilisikia mvua ya mawe ilipiga upande wa Chwele, natumai iliruka shamba letu. Na ng'ombe je, amezaa ama bado mnamngoja? Mimi ukiniuliza, nitakujibu kwamba ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia hapo kwenda chini, tangu ule ubao wa jukwaa la ujenzi uliponiacha hewani, hakuna habari mpya.

Naandika barua kwa sababu simu ya shemeji yako Masinde si simu, ni redio. Akija nayo nyumbani Jumamosi, mimi na wewe tukiongea, yeye anasikia, majirani wanasikia, na Jumapili kanisani kila mtu ananiombea kwa mambo ambayo nilikuambia wewe peke yako. Barua hii nimempa Juma, yule dereva wa kampuni niliyekuambia habari zake, mtoto wa Bungoma mjini aliyekulia nyuma ya msikiti. Anakuja likizo. Nimemwambia asimwachie mtu mwingine yeyote, akutafute mwenyewe sokoni penye ndizi zako, akupe mkononi.

Sasa sikiliza. Mliambiwa kwamba kampuni inaninunulia mashine ya kutembelea. Ni kweli, walisema. Afisa wao wa wafanyakazi alikuja wodini, miwani ya jua imekaa kichwani, akasimama miguuni pa kitanda changu, akaegemeza mkono juu ya mguu wangu bila kujua, nami bila kusikia kitu. Akasema, "Kampuni haimtupi mtu wake. Utachagua mashine unayopenda, halafu uende nyumbani upumzike."

Nipumzike nini, mwashi ambaye ndevu zake bado hazijaingia mvi? Nikamuuliza habari ya fidia. Akanijibu kwamba mashine ndiyo fidia, na kwamba wengine hawapati hata hiyo.

Basi Juma akatumwa anipeleke dukani. Mama Nekesa, sijawahi kuona duka kama lile. Kama vile Kitale wanavyopanga baiskeli mpya barazani, huko wamepanga viti vya watu wasiotembea, vimeng'aa, vina bei mgongoni. Tulipokewa na binti wa Kifilipino anayeitwa Marisa. Nilidhani ataniuliza rangi. Hakuniuliza rangi. Alichukua kalamu akaanza kuniuliza habari za nyumbani.

"Unaishi ghorofa ya ngapi?"

Juma akacheka. "Dada, huko kwao ghorofa ni mlima wenyewe."

"Kutoka barabarani mpaka mlangoni, njia ikoje?"

Nikaifikiria njia yetu. Sikuwa nimeifikiria hivyo hata siku moja, maana mtu hafikirii njia anayoipita. Nikamwambia kuna mteremko, kisha mawe yale ya karibu na kanisa, kisha kijito chenye magogo mawili ya kuvukia, kisha kupanda tena. Na masika yakikolea, hata fahali wa kulima hugoma.

"Na umeme?"

"Nguzo ziliishia sokoni."

Aliweka kalamu chini. Akaniangalia jinsi daktari alivyoniangalia siku ile ya kwanza. Lakini hakunifukuza. Alisema, "Tujaribu kwanza, ili ujue mwili wako unataka nini."

Akaanza na skuta. Hiyo ina usukani kama pikipiki, kikapu mbele, taa, na magurudumu madogo manne. Ilikuwa nyekundu. Wakanipandisha, nikabonyeza, ikaenda. Mama Nekesa, tangu nianguke nimebebwa, nimesukumwa, nimegeuzwa kama gunia. Siku hiyo nilikwenda mwenyewe. Nilipita katikati ya viti vile vyote mpaka mlangoni, nikahisi upepo wangu mwenyewe usoni. Kisha nikataka kukata kona. Skuta inataka mtu mwenye kiuno cha kumshikilia. Mimi kiuno changu hakinishiki tena. Skuta ilikata kona, mimi nikaendelea mbele. Juma ndiye aliyenidaka makwapani.

Marisa akasema, "Hii si yako. Hii ni ya mtu anayeweza kusimama kidogo, aliyechoka tu kutembea."

Akaniletea kiti cha betri. Hicho kina mgongo mrefu, mkanda wa kifuani, na kijiti kidogo mkononi. Ukikisukuma kijiti mbele, unaenda, ukikivuta, unarudi, na ukikiachilia, kinasimama papo hapo. Nikazunguka duka zima bila kuyumba. Nikatoka nje mpaka wanapoegesha magari, nikarudi. Lakini Marisa hakunificha. Alisema ni kizito, wanaume wanne ndio wanaoweza kukiinua. Kinataka sakafu ngumu, hakitaki tope, na kila usiku lazima kilale kwenye umeme. "Huna ndugu mwenye umeme?" akaniuliza.

Nikasema ninaye. Nikachukua simu ya Juma pale pale nikampigia Masinde dukani kwake Kitale. Nilifurahi kumpigia, sitakudanganya. Nilijiona tayari kwenye ile baraza yake ndefu ya saruji niliyomjengea, nikiwahesabia wateja mabati na misumari.

"Chukua bana!" akapiga kelele. "Chukua kubwa kabisa! Stima si iko hapa dukani? Itakaa hapa."

"Asante ndugu yangu. Na mimi nitalala chumba gani?"

"Wewe? Wewe si utaenda kwako Sirisia, kwa bibi yako?"

"Ati kiti kikae Kitale, na mimi nikae Sirisia?"

"Wanyonyi, wacha maneno mingi. Huko hakuna stima, itaharibika. Hapa watu wataiona. Wakiuliza ndugu yako alirudi na nini, si tutawaonyesha?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mashine ingekaribishwa kwa ndugu yangu, ila mwenye mashine asingekaribishwa. Nilimrudishia Juma simu yake. Hakuniuliza kitu, maana Masinde huongea kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, Juma alisikia yote.

Tukiwa hapo, yule afisa akaingia na kamera ya dijitali na kijana wa ofisini. Alikuwa na haraka. Akaiona skuta nyekundu, akasema, "Hii ndiyo itapendeza kwenye picha."

Marisa akamwambia kwamba skuta itaniangusha.

Afisa akasema, wala hakupunguza sauti, "Huyu anakwenda kijijini Afrika. Nani atamwona akianguka?"

Mimi Kiingereza changu ni cha mjengo, unakijua, lakini hilo nililielewa lote. Nikamjibu, "Mke wangu ataniona."

Afisa akaminya midomo, akaonyesha kiti cha betri kwa kidole, akasema haya, apewe hicho. Wakanipiga picha nikiwa nimekikalia, yeye amesimama kando ameweka mkono begani mwangu. Juma anasema picha hiyo sasa iko ukutani mwa ofisi yao, imewekewa kioo, nami nimetabasamu. Ni kweli nilitabasamu. Nilikuwa nimetoka tu kuzunguka mwenyewe pale nje. Sikutabasamu kwa ajili yao.

Usiku huo kiti kililala kando ya kitanda changu kikichajiwa, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka. Asubuhi wauguzi walinifunga mkanda, nikaenda mwenyewe mpaka dirishani. Baada ya chakula Juma akaja.

"Ndugu yangu, nisamehe. Wamenituma nikirudishe dukani."

Nilidhani ananitania. Nikaomba nimwone afisa, na alipokuja jioni alisema betri haziruhusiwi kwenye ndege, kiti kitanifuata kwa meli. Nikamuuliza kama ni hivyo, kwa nini kirudi dukani na siyo bandarini? Akasema mambo ya usafirishaji siyajui. Nikamuuliza ni meli gani inayofika Sirisia. Aliangalia saa yake. Juma aliniambia baadaye kwamba Marisa alikipangusa kiti kile, akakirudisha dirishani mahali pake, na alikuwa akilia akikipangusa. Ameniletea kupitia kwa Juma mto wa kukalia, ili nisitoke vidonda. Huo ndio mali yangu ya Doha.

Nitakuja na kiti cha kusukumwa cha hospitali. Kinapepesuka upande mmoja, na pa kuwekea mguu wa kushoto pamevunjika, ila ule mguu haulalamiki.

Nilimpigia Masinde nikamweleza. Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema, "Kwa hivyo utakuja hivyo tu?" Nikasema ndiyo, hivyo tu. Tangu siku hiyo nikipiga, simu inaita mpaka inakata. Sasa umejua kwa nini Jumamosi zimepita hukunisikia. Sijui yeye alikwambia nini. Kama alikwambia kwamba mimi ndiye niliyeacha kupiga, ameongopa.

Mama Nekesa, nimekasirika mpaka nimechoka kukasirika. Nimejenga huku maghorofa ambayo sitaruhusiwa kupanda hata kama ningekuwa na miguu. Nimejenga duka la ndugu yangu, na kila tofali lake nililipima kwa mkono wangu. Kinachoniuma si kwamba watu hawa wa kampuni walininyang'anya kiti. Wao ni wageni kwangu. Kinachoniuma ni kwamba wa kwangu alikuwa amepanga kuninyang'anya hata kabla yao.

Hata hivyo kuna jambo moja limefanyika, nami nataka ulijue kabla hujaanza kuhangaika. Mamake Juma, ambaye hanijui hata kwa sura, amesema nisipelekwe kwenye tope. Ana chumba cha chini Bungoma mjini, sakafu ni ya saruji, na lami iko hapo hapo nje. Amesema nikae mpaka mvua iishe. Juma alipomwambia mimi si Mwislamu alimjibu, "Nimeuliza kama ana kitanda, sijauliza anaswali wapi." Nimekubali. Najua kwetu watasema Wanyonyi amerudi kutoka Uarabuni akapitiliza kwenda kuishi kwa watu. Waache waseme.

Juma atakwambia siku nitakayofika. Njoo wewe. Usimwambie Masinde, usije na kikundi cha kanisa, wala usiruhusu mtu achinje kuku. Nekesa umlete kama atataka, usimlazimishe. Utanikuta chini kuliko ulivyonizoea, itabidi uiname. Usinionee huruma mbele ya watu. Ukiwa na la kulia, tutalia wawili mlango ukiwa umefungwa. Na kama ukiniona utahisi kwamba huwezi, niambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Nimeambiwa mengi mwaka huu na watu wasioniangalia machoni, wewe niangalie.

Nisalimie mamangu, umwambie mwanawe anakula vizuri, hayo mengine nitamwambia mimi. Nisalimie binti yetu mkubwa na wadogo zake, na baba mkwe huko Bumula, umwambie sijasahau kwamba alinipa binti akiwa mzima na anategemea kumwona akiwa mzima. Msalimie mwalimu wa kwaya, na yule shangazi yangu mjane anayekusaidia kupalilia.

Masinde sijamtumia salamu. Akiuliza, mwambie karatasi iliisha.

Ni mimi mumeo, ambaye bado ni mumeo,
Wanyonyi, Baba Nekesa.